Chura wa Kihansi: maelfu, lakini uzao wa wachache

Wadau, wengi wanamcheka chura huyu bila kumjua. Hafiki sentimita 3, na hatagi mayai, anazaa watoto kabisa. Kwao ni sehemu moja tu duniani: maporomoko ya Kihansi, ukitoka hapa Mngeta kuelekea Mlimba. Aligunduliwa mwaka 1996, bwawa la umeme likiwa linajengwa tayari.

Maji yalipochepushwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yakakata. Mwaka 2000 vyura 499 wakapandishwa ndege kwenda Marekani. Wengi wakafa hukohuko, wakabaki wasiofika 100. Huku Kihansi, mwaka 2003 wakapukutika ghafla, na ugonjwa wa fangasi ya ngozi ukakutwa. Mwaka 2009 wakatangazwa wametoweka porini.

Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa, kwenye manyunyu ya mabomba. Sasa noma iko hapa: wote ni uzao wa wale wachache. Vinasaba vikifanana sana, ugonjwa unaomuua mmoja unaweza kuwamaliza wote. Wanaopandikiza matumbawe baharini wanaogopa hilohilo. Ukipanda vipande vya tumbawe moja tu, joto la maji likizidi vinaweza kufa vyote.

Kuna mdau wa Chita au Mlimba amewahi kumwona kwa macho?