Nyoka wa Shaba na Amri ya Sanamu

Katika sura ya 20 ya kitabu cha Kutoka, Waisraeli wanakatazwa kujichongea sanamu au mfano wa kitu chochote cha mbinguni, duniani au majini. Sura tano tu mbele, Musa anaagizwa afue makerubi wawili wa dhahabu, mabawa yamekunjuliwa, wakae juu ya sanduku la agano. Hekalu la Sulemani likazidisha: makerubi wa mzeituni wenye kimo cha dhiraa 10, na birika kubwa lililobebwa na ng'ombe 12 wa shaba. Basi kilichokatazwa ni nini hasa?

Lugha yetu nayo inachangia utata. Neno "sanamu" limetoka katika Kiarabu, ambako sanam ni kitu kinachoabudiwa. Kiswahili kikalipanua. Askari wa shaba aliyesimama katikati ya Dar es Salaam tangu 1927 ni sanamu, wala hakuna anayemdhania kuwa mungu. Kiebrania cha amri kinasema pesel, kitu kilichochongwa, kisha papo hapo kinakataza kusujudia na kutumikia. Ukiyasoma maneno hayo kwa pamoja, katazo ni la ibada. Ukiyatenganisha, makatazo ni mawili, na fundi naye yumo hatiani. Hata hesabu ya Amri Kumi haifanani: Wakatoliki na Walutheri huliingiza katazo hili katika amri ya kwanza, Waanglikana na Wakalvini huliita amri ya pili.

Mahali ambapo Biblia inajijibu yenyewe, kwa maoni yangu, ni katika kisa cha nyoka wa shaba. Hesabu 21 inaeleza jinsi watu walivyoumwa na nyoka jangwani, Musa akaambiwa atengeneze nyoka na kumtundika juu ya mti. Aliyeumwa akimtazama, anapona. Jirani asiyejua habari angesema hiyo ni hirizi. Vitu vya namna hiyo havikuwa vigeni kwenye eneo lile: mwaka 1969 Beno Rothenberg alifukua huko Timna, penye machimbo ya kale ya shaba, nyoka wa sentimita 12 hivi, kichwa kimepakwa dhahabu, katika mabaki ya mahali pa ibada.

Halafu, katika 2 Wafalme 18, Hezekia, aliyetawala Yuda kuelekea mwisho wa karne ya 8 kabla ya Kristo, anamvunjavunja nyoka yuleyule wa Musa. Watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Akaitwa Nehushtani, jina lenye mwangwi wa nahash, nyoka, na nehoshet, shaba. Shaba haikuwa imebadilika. Kilichoongezeka ni chetezo mbele yake. Ndiyo maana hoja iliyozoeleka, kwamba makerubi na nyoka viliruhusiwa kwa kuwa Mungu ndiye aliyeviagiza, inafika nusu ya njia tu. Nyoka naye aliagizwa, na agizo halikumkinga na nyundo.

Kugumu zaidi ni Yoshua 7. Yoshua anaanguka kifudifudi mbele ya sanduku mpaka jioni, wala hashutumiwi kuwa ameabudu sanamu. Katika karne ya 8 Yohana wa Damasko alilitaja sanduku na makerubi alipotetea picha takatifu, akitenganisha ibada inayompasa Mungu peke yake na heshima inayotolewa kwa vitu. Sinodi ya Hieria ya 754 ilizilaani picha; Mtaguso wa Nikea wa 787 ukazirudisha. Zürich iliziondoa makanisani mwaka 1524, na huko mjadala ukaanza upya.

Kurani pia ina jozi yake. Nabii Ibrahimu anawahoji watu wake kuhusu tamathili, yaani sanamu, wanazoziabudu. Neno hilohilo, katika Sura ya Sabaa, linataja vitu ambavyo majini walimtengenezea Nabii Suleiman, bila lawama.

Katika Basilika ya Sant'Ambrogio, mjini Milan, kuna nyoka wa shaba juu ya nguzo. Ni kazi ya Wabizanti, lakini kwa karne nyingi ilisimuliwa kuwa ndiye yule wa Musa, kana kwamba Hezekia hakuwahi kushika nyundo.