Mfarishi wa Vipande

Penye fundi wa cherehani hapakosi vipande. Katika soko la Macalder, kaunti ya Migori, vipande huanguka chini ya meza ya fundi tangu asubuhi hata jioni: pembe za sare za shule, ncha za vitenge, mabaki ya shuka, na vitambaa visivyozidi upana wa kiganja. Jua likichwa hufagiwa vikatupwa. Mwanafunzi aviokotaye ili ashone mfarishi wake wa kwanza huenda akachekwa na wenzake kuwa ni mwokota matambara. Yafaa ajue kwamba kazi hiyo ina nasaba ndefu, na kwamba sehemu kubwa ya nasaba hiyo haikuandikwa kwa sababu walioitenda walikuwa wanawake wenye sindano, si makarani wenye kalamu.

Kwanza na tukumbuke kuwa nguo haikuwa rahisi sikuzote. Katika karne ya 19 kitambaa kilichoitwa merikani, yaani pamba isiyotiwa rangi iliyofumwa katika viwanda vya Marekani, kililetwa Unguja kwa merikebu, hasa baada ya mkataba wa biashara uliofanywa kati ya Seyyid Said na Marekani mwaka 1833. Kutoka pwani kilichukuliwa na wapagazi mpaka bara, na huko kilitumika kama fedha: kilinunua chakula, kililipa ujira, tena kilitolewa hongo kwa watawala wa njiani. Wajaluo waliwaita wavaaji wa nguo jo-nanga, maana yake watu wa nguo. Jina hilo peke yake latosha kuonyesha jinsi nguo ilivyomtenga mtu na wenzake. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na bidhaa za pwani zikaanza kumiminika Nyanza. Baadaye ukaja mgodi wa Macalder, uliotoa dhahabu na kisha shaba mpaka ulipofungwa katikati ya miaka ya 1960. Penye mshahara pana duka, na penye duka la nguo fundi hakosekani.

Huko pwani, kuunga vitambaa kulikwisha kupata heshima kabla mgodi huo haujachimbwa. Yasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso zenye nakshi, zile za mraba za kufutia uso, kabla hazijakatwa moja moja kutoka katika jora. Walichukua leso sita, wakazikata tatu tatu, kisha wakaziunga ubavu kwa ubavu zikawa nguo moja pana ya kujitanda. Neno leso lenyewe asili yake ni Kireno. Wafanyabiashara walipoona jinsi vazi hilo linavyopendwa, waliagiza kitambaa kilichopigwa chapa kizima kizima, nayo ndiyo kanga. Mombasa huiita leso hata leo, ingawa haina mshono wowote katikati.

Hapo pana jambo la kuudhi kidogo. Jina la mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa lajulikana kote, na alama yake, Mali ya Abdulla, husomeka juu ya kanga. Wale waliounga leso sita kwa sindano hatuna hata jina lao moja. Mshono wao ulipofutika, wakafutika nao.

Wako pia watu wenye asili ya Afrika walioishika sindano ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Nao ni Wasidi wa India, ambao wazee wao walivushwa bahari kwa karne nyingi kutoka Uhabeshi, Msumbiji na pwani nyingine za Afrika ya Mashariki, wengi wakiwa watumwa. Katika jimbo la Karnataka wengi wao hukaa vijijini karibu na misitu, na yasemekana baadhi ya wazee wao walitoroka utumwani Goa, koloni ya Wareno. Wako Waislamu, Wahindu na Wakatoliki, lakini wanawake wa dini zote tatu hushona mifarishi ya vipande, iitwayo kwao kawandi. Tusiseme kwa haraka kwamba ufundi huo ulitoka Afrika, maana India nayo ina desturi zake za kale za kuunga matambara, na Wasidi wameishi humo vizazi vingi. Wajibu wa mwanafunzi wa historia ni kupenda ukweli kuliko sifa.

Njia yao yafaa sana kwa anayeanza, kwa kuwa haidai vipande vilingane. Mshonaji hutandika bitana, mara nyingi sari kuukuu. Huanza penye pembe, akaweka kipande, akakunja ncha zake, akakishikiza kwa mshono wa bandi. Kisha huweka kingine kando, akafuata ukingo wote na kuzunguka kuelekea ndani, mpaka mistari ya uzi ikutane katikati. Mwishoni hutia pembeni vijipembe vya kitambaa vilivyokunjwa, viitwavyo phula, yaani maua. Havizidishi joto hata kidogo, lakini kwao kawandi isiyo na maua haijakamilika.

Mwanafunzi wa Macalder aombe ruhusa kwa fundi kabla hajaokota. Vitambaa afue kwanza, kwa sababu pamba mpya hurudi ikiingia majini, na kipande kimoja kikirudi huvuta vyote vilivyo jirani. Kitambaa kizito cha kaptura asikiweke kando ya kitambaa chembamba, maana kile kizito hukichana chenziwe. Asianze na mfarishi wa kitanda kizima. Wa mtoto mchanga watosha, nao humalizika kabla shauku haijaisha. Mistari ya bandi iwe karibu karibu, upana wa kidole kimoja au viwili, ili ishike vipande na bitana pamoja.

Na kabla hajaukunja, atie kwa uzi, upande wa bitana penye pembe moja, jina lake, Macalder, na mwaka.