Gari ya Buda Imeoza Ushago? Hivi Ndivyo Utaifufua Nyumbani Bila Kutu Kukurudia

Kila ushago iko na hiyo gari moja. Imesimama chini ya mti wa avokado, tairi zimeisha pumzi, kuku wanataga kwa kiti cha nyuma. Mara nyingi ni Peugeot 504, na ukiuliza bei unaambiwa, "Hiyo hatuuzi."

Kama hiyo ndai ni ya buda ama guka wako na umeamua kuifufua, soma hii kabla ununue hata kopo moja ya rangi. Mimi nilianza na rangi. Fundi mmoja wa mtaa alichukua doo nilikuwa nimeweka miezi kadhaa, akajaza pati, akasprei nyeupe, nikapiga picha nikaposti. Mvua ya Aprili ikiisha, bodi ilikuwa imefura malengelenge kama ngozi iliyomwagikiwa chai moto. Nilibonyeza moja, kidole kikaingia hadi ndani.

Shida haikuwa rangi. Kutu ilikuwa imefunikwa, haikutolewa. Hiyo ndio stori yote ya leo.

Kwanza, heshima kwa 504

Hii gari ilizinduliwa Ufaransa 1968, na 1969 ikatajwa Gari Bora la Mwaka Ulaya. Huku kwetu ilishinda Safari Rally mara mbili: 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Iliunganishwa Mombasa, na ile ndefu ya nyuma ilibeba abiria wa safari za mbali miaka mingi. Kwa hivyo spea bado zinapatikana ukizunguka Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan.

Lakini jua hili: 504 saluni haina chesisi ya kujitenga. Bodi yenyewe ndio inabeba injini, magurudumu na watu. Bodi ikioza, si sura tu imeharibika. Ni usalama wa wale utabeba ndani.

Kutu inatoka wapi?

Chuma ikikutana na maji na hewa, inashika kutu. Chumvi inaharakisha hiyo kazi, ndio maana gari ya Mombasa ama Malindi inaliwa mbio kuliko ya Nakuru. Kutu pia inachukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokula, kwa hivyo inasukuma rangi kutoka chini. Ukiona lengelenge dogo juu, ndani kumeharibika zaidi.

Kagua kabla ya kutoa ganji

Chukua sumaku ndogo, ifunge na kitambaa laini, upitishe kwa bodi yote. Ikikataa kushika mahali, hapo ni pati, si chuma. Halafu chukua bisibisi, uingie chini ya gari na ugonge polepole. Chuma nzima inalia. Iliyooza inatoa sauti ya kufa ama inatoboka. Angalia hasa:

- Ule ukingo wa chuma chini ya milango, pande zote mbili
- Ndani ya madigadi, mahali tope inajificha
- Sakafu chini ya kapeti, na sakafu ya buti
- Chini ya betri, juu asidi inakula chuma
- Juu kabisa pale shokabsoba za mbele zimeshikilia bodi
- Pembe za kioo cha mbele na sehemu ya chini ya milango

Kama pale kwa shokabsoba ama ukingo wa chini ya milango kumetoboka, hiyo si kazi ya kujifunzia. Tafuta fundi wa kuchomelea mwenye umeona kazi yake.

Na kabla ya yote, angalia logbook. Kama bado iko kwa jina la marehemu, familia ikae chini imalize mambo ya urithi kwanza. Usifufue gari alafu binamu aje kuichukua ikiwa inang'aa.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

1. Osha na ufungue. Toa tope yote, viti, kapeti na mipira ya milango. Piga picha kila kitu kabla ya kutoa, na uweke bolti kwa mikebe yenye majina. Alafu iache ikauke kabisa.

2. Fika kwa chuma nyeupe. Tumia brashi ya waya, grainda na msasa. Usisimame mahali rangi imeanza kukaa poa, endelea kidogo mbele yake, juu kutu hutambaa chini ya rangi nzima.

3. Kata kilichooza. Shimo halizibwi na pati wala gazeti. Kata hadi upate chuma imara, alafu uchomelee bati jipya la unene sawa. Toa waya za betri kwanza. Tangi ya mafuta itolewe kabisa na iwekwe mbali, hata kama ni tupu, juu ule mvuke ndio hulipuka.

4. Tibu mabaki. Kwa vishimo vidogo ambavyo brashi haifiki, paka dawa ya kugeuza kutu, ile yenye asidi ya fosforiki. Inafanya kutu iliyobaki iwe nyeusi na itulie. Haifufui chuma iliyotoboka.

5. Paka praima siku hiyo hiyo. Chuma iliyo wazi inaanza kutu tena usiku mmoja tu wa umande. Tumia praima ya epoksi ya kuchanganya na hadina, ukifuata kipimo cha kwa kopo. Praima nyingi za kawaida zinapitisha maji, kwa hivyo usiache gari kwa mvua ukidhani imekingwa.

6. Pati baadaye, na iwe nyembamba. Ipake juu ya epoksi, na uipige msasa ikiwa kavu. Pati inafyonza maji kama sponji. Hapo ndipo kazi yangu ya kwanza ilikufia.

7. Rangi mwisho. Zile rangi za hadina zina kemikali mbaya kwa mapafu, na barakoa ya vumbi haizuii kitu. Hii hatua peleka kwa mtu ako na chumba cha sprei na vifaa. Ukibadilisha rangi, rekodi za NTSA nazo zibadilishwe.

Sasa izuie isirudi

Milango iko na vitundu vidogo chini vya kutoa maji. Vizibue na waya. Vikiziba, mlango unakuwa ndoo. Ndani ya milango na ule ukingo wa chini, pulizia nta maalum ya kuzuia kutu kupitia vitundu, hadi ianze kudondoka.

Ile lami nyeusi ya chini ya gari ni fiti, lakini kwa chuma safi tu. Ukiipaka juu ya kutu, inafungia maji ndani na inakuficha ukweli. Na ile tabia ya kumwagia oili chafu chini, wachana nayo. Inaharibu mipira, inashika vumbi na inamwaga sumu kwa shamba la mathe.

Ukitoka Pwani ama kwa tope, osha chini ya gari, si boneti tu. Na usifunike gari ikiwa mvua na turubai ya plastiki, juu unyevu utabaki hapo ndani.

Onyo moja la mwisho

Usiwahi ingia chini ya gari imeshikwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma mahali pagumu, na umwambie mtu wa nyumbani uko huko chini.

Yangu bado iko kwa praima ya kijivu, mlango mmoja umeegemea ukuta. Majirani wanauliza itaisha lini. Buda hukuja jioni, anabonyeza ule ukingo wa chini na kidole gumba, anaona hauingii, anarudi kwa nyumba bila kusema kitu. Kwa buda, hiyo ni asante.