Siku Tatu Majini: Historia ya Konzo na Mila ya Kulowesha Mihogo

Tukitaja mila, mawazo yetu yanakimbilia ngoma, tohara, mahari na matanga. Ni wachache wanaofikiria ndobo ya mihogo iliyowekwa nyuma ya nyumba, maji yake yakitoa harufu kali, na mama anayekataza mtu kuigusa kabla ya siku ya tatu. Hata hiyo ni mila, tena ni mila iliyolinda miguu ya watu. Katika makala haya tutaona jinsi waganga wa ubongo na mishipa ya fahamu walivyotumia zaidi ya miaka 50 kutafuta chanzo cha ugonjwa mmoja, na jinsi utafiti wao ulivyowafikisha kwenye ndobo ile ile.

Ugonjwa unaofunga miguu

Ugonjwa huo unaitwa konzo. Neno si la kwetu huku mashariki. Ni la Wayaka wa Kwango, magharibi ya nchi yetu, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Mwaka 1938 munganga Giovanni Trolli, Mwitalia aliyetumikia koloni ya Wabelgiji, aliandika habari zake kutoka Kwango na kulitumia jina hilo la wenyeji. Jina limebaki mpaka leo katika vitabu vya uganga duniani kote.

Konzo inakuja kwa ghafula. Mtu analala mzima. Asubuhi, au akitoka safari ndefu ya shamba, anasikia miguu mizito na inatetemeka. Kwa muda wa siku chache inakakamaa. Akijaribu kutembea, magoti yanagongana, mapaja yanapishana kama makasi, na anakanyaga kwa vidole tu. Hana kidonda, hana uvimbe mgongoni. Wengi wanaopatwa ni wamama wenye umri wa kuzaa na watoto waliokwisha acha ziwa. Mtoto anyonyaye hapatwi. Baada ya siku zile za kwanza ugonjwa hauzidi, lakini pia hauponi. Aliyefungwa miguu akiwa na miaka sita atazeeka nayo hivyo.

Ugonjwa wa namna hii unaleta maneno. Katika nyumba moja mama na binti wanaanguka, baba anabaki mzima. Nyumba ya jirani haikuguswa. Basi watu wanauliza: nani amewafunga? Wanakwenda kwa mfumu, na mfumu anataja jina, mara nyingi jina la bibi mzee asiye na mtetezi. Sisi watu wa Kivu Kusini tunajua swali hilo linaweza kufika wapi. Katika jimbo letu wazee wamefukuzwa vijijini mwao, na wengine wameuawa, kwa kushukiwa tu. Kwa hiyo kujua chanzo cha ugonjwa si kazi ya waganga peke yao. Ni jambo la haki pia.

Waganga wanatafuta

Mwaka 1981, wakati wa ukame mkali, ugonjwa wa miguu kukakamaa ulienea katika jimbo la Nampula, kaskazini ya Msumbiji. Wenyeji waliuita mantakasa. Wagonjwa waliohesabiwa walipita 1.100. Miongoni mwa waganga waliowachunguza walikuwa Julie Cliff na Hans Rosling, munganga kijana kutoka Uswidi aliyekuwa akifanya kazi Nacala. Mwaka 1985, ukame mwingine ulileta ugonjwa huo huo Tarime, Tanzania, karibu na ziwa Viktoria.

Kazi ya munganga wa mishipa ya fahamu inaanza kwa kuondoa yale yasiyowezekana. Je, ni polio? Hapana, kwa sababu polio inalegeza mguu na kuukondesha, lakini konzo inaukaza. Ukigonga goti la mgonjwa wa konzo kwa nyundo ndogo ya mpira, mguu unaruka kwa nguvu kupita kawaida. Maana yake ni kwamba misuli yenyewe ni mizima. Kilichoumia ni mishipa inayoshuka kutoka ubongoni na kupita katika uti wa mgongo ili kuiamuru miguu. Je, ni virusi? Kuna virusi vinavyoitwa HTLV-1 vinavyoweza kukaza miguu vilevile. Damu ya wagonjwa ilipimwa, navyo havikuwa ndiyo chanzo. Tena miguu ya mgonjwa wa HTLV-1 inakazika polepole, haikazwi kwa siku mbili tatu.

Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani liliweka alama tatu za kuitambua konzo. Ya kwanza, mwendo uliokakamaa miguu yote miwili kwa usawa. Ya pili, ugonjwa ulioanza kwa muda usiofika juma moja kwa mtu aliyekuwa mzima, kisha ukasimama hapo. Ya tatu, magoti au vifundo vinavyoruka mno vikigongwa, bila dalili ya ugonjwa wa mgongo. Wagonjwa wanapangwa kwa ngazi tatu pia: anayetembea bila fimbo, anayehitaji fimbo moja au mbili, na asiyeweza kutembea kabisa. Haitaki mashini ya bei kali. Mfirimye wa kituo cha afya cha kijijini, akiwa na nyundo yake na masikio ya kusikiliza, anaweza kuitambua.

Barabara ya Kikwit

Mahali pote palipotokea konzo, chakula kilikuwa kimoja: mihogo michungu, karibu bila kitoweo. Sasa tueleze kilichomo. Mhogo mchungu unajilinda na wadudu na panya kwa kitu kiitwacho linamarini. Kando yake, lakini wametengana, mhogo una kitu kinachofanya kazi kama chachu. Vikikutana vinazaa sumu ya sianidi, ambayo ni nyepesi, inapanda hewani au inakwenda na maji. Kulowesha ndiko kunakovikutanisha. Siku ya kwanza mhogo bado mgumu. Siku ya tatu umelainika na kuoza kidogo, sumu nyingi imetoka. Ndiyo maana kuchemsha peke yake hakutoshi kwa mhogo mchungu: moto unaiua chachu kabla haijamaliza kazi, na linamarini inabaki. Na ndiyo maana sombe inatwangwa sana kabla ya kupikwa. Mchi unafanya kwenye majani kazi ambayo maji yanaifanya kwenye mzizi.

Lakini Wakongo wamekula mihogo kwa muda wa karne nyingi. Juu ya nini konzo itokee mahali fulani na wakati fulani? Jibu zuri lilitoka Bandundu mwaka 1992. Munganga wetu Mkongo Banea Mayambu, pamoja na Thorkild Tylleskär na Rosling, walichunguza vijiji vilivyopatwa na vile visivyopatwa. Walipima unga, wakapima mkojo wa watu, wakakuta sumu imezidi kwa wale wenye konzo. Kisha wakawauliza wamama wanavyotayarisha mihogo. Barabara ya lami ya kwenda Kinshasa ilikuwa imeleta wachuuzi wenye malori. Mfanyabiashara anataka mihogo leo, na familia inataka franga leo. Basi siku tatu za majini zikawa siku moja. Mzigo uliuzwa, uliobaki ukaliwa nyumbani, na miguu ikafungwa.

Ndugu msomaji, tusipite haraka hapa. Wataalamu hawakugundua kwamba wakulima ni wajinga. Waligundua kwamba wakulima walikuwa na elimu, na kwamba soko liliivunja.

Vita na ziwa letu

Kwetu Fizi kilichovunja mila si lami. Teritware yetu imejua kukimbia: wakati wa uasi wa 1964, tena 1996, tena 1998 mwisho wa mwaka wakati wa mauaji ya Makobola. Wengi walivuka ziwa hadi kambi za Lugufu na Nyarugusu nchini Tanzania. Mtu anayejificha porini anashukuru Mungu kwa mihogo. Mahindi yanachomwa ghalani au yanachukuliwa na wenye bunduki, lakini mhogo unangoja udongoni, na ule mchungu hauibiwi upesi. Lakini anayechimba usiku na kuondoka alfajiri atauloweshea wapi kwa siku tatu? Mwaka 2011 waganga walitangaza kwamba konzo imeonekana katika Kivu Kusini, na katika kueleza sababu walitaja vita. Kwa hiyo habari hizi si za Kwango tu.

Kuna jambo la pili linalotuhusu. Mwili wa binadamu una njia yake ya kuivunja sianidi, lakini kwa kazi hiyo unahitaji salfa inayotoka katika vyakula vya protini: samaki, nyama, mayai, maharagwe. Anayekula bugali na dagaa anaupa mwili silaha. Anayekula bugali kwa sombe isiyo na kitu, siku kwa siku, anapigana mikono mitupu. Sisi wa Baraka tuna ziwa mlangoni, na tunaona kitoweo kama ladha tu. Kwa kweli ni dawa pia. Barabara ya kwenda milimani ikifungwa na dagaa wasipopanda, watu wa kule hawakosi ladha peke yake.

Hata asiyefungwa miguu

Mimi kama mwalimu, utafiti ulionigusa zaidi ni ule wa Kahemba, uliotolewa mwaka 2013 na Michael Boivin pamoja na Wakongo Daniel Okitundu na Désiré Tshala-Katumbay. Walipima uwezo wa watoto wa kukumbuka na kujifunza. Watoto wenye konzo walipata alama za chini. Hilo lilitazamiwa. Lakini hata watoto wa nyumba zile zile waliokuwa wakitembea vizuri walikuwa nyuma ya watoto wa mahali pasipo na konzo. Walikula chungu kimoja. Kwa hiyo mtoto anaweza kuja darasani kwa miguu yake mwenyewe, na bado sumu imemgusa. Nimejiuliza tangu hapo ni wangapi tumewaita wavivu.

Mila na elimu zishikane mikono

Tusidanganyane kwa kusifu kila cha zamani. Mhogo wenyewe si wa mababu wa mbali sana. Ulitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakauleta pwani ya Kongo katika karne ya 16, na wakati wa koloni serikali ililazimisha watu kuulima kama akiba ya njaa. Mababu waliupokea, wakajifunza kuutawala. Tena mila ilijua siku tatu, lakini haikujua sababu. Asiyejua sababu ni rahisi kupunguza siku akishikwa na haraka. Na mila hiyo hiyo, ilipokosa jibu, ilimnyooshea bibi kidole.

Elimu nayo haijamaliza kazi. Mpaka leo haijaeleza kwa ukamilifu jinsi sumu inavyoiumiza mishipa ile, wala haina dawa ya kuirudisha. Inachoweza ni kuzuia. Mwanakemia Howard Bradbury wa Canberra, Australia, alileta njia ya kusaidia unga ambao haukuloweshwa vya kutosha. Unga unawekwa katika beseni na kulazwa sawa, kisha unachora alama mahali unapofika. Unatia maji huku ukikoroga. Unga unashuka kwanza, halafu unapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha. Unautandaza mkekani kwa unene usiozidi sentimita 1, unauacha saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu inapanda hewani, kisha unapika bugali siku hiyo hiyo. Kijiji cha Kay Kalenge, Popokabaka, kilijaribu njia hiyo mwaka 2010 na 2011 pamoja na Banea na wenzake, na hakuonekana mgonjwa mpya. Njia hii haifuti siku tatu. Inazisaidia pale zilipokosekana.

Basi mama akikataza kuigusa ndobo kabla ya siku ya tatu, tumsikilize, tena tumweleze binti yake sababu. Na siku miguu ya mtoto ikikakamaa kijijini, kabla ya kutaja jina la mtu, tumpeleke kituo cha afya, kisha tuulize swali moja: mihogo hii ilikaa majini siku ngapi?