Filisi, filisika, muflisi, mfilisi: maana na matumizi

Tafsiri iliyosema kwamba mahakama "imemtangaza mfanyabiashara wa Moshi kuwa mfilisi" imesema kinyume cha kilichokusudiwa. Mfilisi ni yule anayekabidhiwa mali ya mdaiwa ili aikusanye, aiuze na kuwagawia wadai. Mdaiwa aliyeshindwa kulipa ni muflisi. Tofauti ndogo ya irabu humfanya mwenye deni kuwa msimamizi wa mali yake mwenyewe.

Asili na umbo

Maneno haya yote yanatokana na mzizi wa Kiarabu f-l-s, ambao ndio ulioleta pia neno fulus, yaani fedha, ambazo hapo awali zilikuwa sarafu ndogo za shaba. Katika muflisi, silabi mu- imekuja na neno lenyewe kutoka Kiarabu, kama ilivyo katika muhimu na mufti. Katika mfilisi, m- ni kiambishi cha Kiswahili kilichopachikwa kwenye kitenzi filisi, kama mfasiri alivyotokana na fasiri. Ndiyo maana wingi wa mfilisi ni wafilisi, ilhali muflisi kwa kawaida habadiliki: muflisi huyu, muflisi hawa. Tahajia mufilisi nayo hutumika. Mwandishi achague moja na kudumu nayo katika andiko zima.

Filisika na filisiwa

Filisika hueleza hali: "Duka lake la Mbuyuni limefilisika." Hapo hatujaambiwa aliyesababisha, wala hapahitajiki amri ya mahakama. Filisiwa humdai mtendaji, awe ametajwa au amefichwa: "Amefilisiwa na riba ya kausha damu." Kausha damu ni jina walilolipa wananchi mikopo ya riba kali na muda mfupi. Ni neno la mtaani, na mfasiri wa hati za kisheria asilitumie kana kwamba ni istilahi.

Yafaa pia kutenganisha kufilisika na kuvunjwa. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kilichoandikishwa mwaka 1933, kilivunjwa pamoja na vyama vikuu vingine nchini mwaka 1976. Huo ulikuwa uamuzi wa kisera wa serikali. Anayeandika kwamba KNCU "ilifilisika" mwaka huo anazua deni ambalo historia haikulitaja.

Ufilisi: maana mbili zinazovutana

Katika mazungumzo, kumfilisi mtu ni kumwacha mikono mitupu. Katika sheria, ufilisi ni utaratibu, na ndiyo maana ya neno hilo katika jina la Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA. Chini ya Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, ombi laweza kupelekwa Mahakama Kuu na mdai, au na mdaiwa mwenyewe. Mali hukusanywa mahali pamoja, wadai hulipwa kwa mpangilio badala ya kila mmoja kuvuta upande wake, na hatimaye mdaiwa anaweza kuomba aondolewe katika hali ya ufilisi.

Mwanafunzi anayejua maana ya kwanza pekee hushangaa kusoma kwamba mtu "aliomba ufilisi". Huuliza: nani aombe kunyang'anywa? Jibu ni kwamba anaomba kikomo. Tumelelewa na methali isemayo dawa ya deni ni kulipa. Sheria inaongeza swali ambalo methali haikuliuliza: na asiyeweza kulipa je?

Mtu, jina la biashara na kampuni

Kampuni haitangazwi kuwa muflisi chini ya Sura ya 25. Hufungwa na kufilisiwa chini ya Sheria ya Kampuni ya mwaka 2002. Mwenye duka aliyesajili jina la biashara tu hajaunda kampuni. Yeye na duka lake ni kitu kimoja mbele ya sheria, na deni la duka ni deni lake. Kwa hiyo sentensi "duka limefilisika" ni sahihi kilugha, lakini katika hati yaweza kumficha mtu anayedaiwa.

Msamaha, unafuu, kufuta

Msamaha wa deni hutoka kwa mdai: deni limekwisha. Unafuu wa deni hupunguza mzigo, labda kwa kuongeza muda au kushusha riba, lakini deni lipo. Kufuta deni kuna mtego. Benki inapofuta mkopo katika vitabu vyake vya hesabu, mkopaji hajasamehewa, na bado anaweza kudaiwa. Mfasiri asiandike "amefutiwa deni" mpaka ajue ni nani aliyefuta, na wapi.

Rehani na kihamba

Dhamana ni neno pana, na humhusu hata mtu anayemdhamini mwenzake. Rehani ni mali iliyofungwa kwa deni. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro tofauti hii hugusa kihamba, shamba la ukoo lenye migomba, kahawa, nyumba na mara nyingi makaburi ya wazee. "Ameweka dhamana" haisemi kama kihamba kimo hatarini. "Ameweka kihamba rehani" inasema, na wanafamilia wanaosomewa hati wana haki ya kusikia neno hilo.

Umuhimu wake leo

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania. Makosa yaliyokuwa yakisahihishwa darasani kwa wino mwekundu sasa yanaweza kuingia katika hukumu na matangazo ya mnada. Basi andika: mahakama imemtangaza mdaiwa kuwa muflisi, na imemteua mfilisi.