Kabla ya Joho: Somo la Jinsia Lilivyoota Mlimani, Manzese na Mabibo

Anayejiandikisha leo kusoma shahada ya uzamili ya jinsia katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, pale Kinondoni Biafra, anasoma somo lenye umri mkubwa kuliko chuo chenyewe. Chuo hicho kiliundwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 na kikaanza kazi Machi 1993. Wakati huo utafiti juu ya wanawake, kipato na ustawi wa jamii ulikuwa umekwisha kushamiri Dar es Salaam kwa zaidi ya muongo mmoja. Walioushamirisha hawakusubiri idara wala mtaala.

Sababu ya kutosubiri inaonekana katika historia ya elimu ya juu yenyewe. Mwaka 1974 Azimio la Musoma lilielekeza kwamba wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza, ndipo waombe nafasi chuo kikuu wakiwa na mapendekezo ya kazini na ya chama. Azimio halikumbagua mwanamke hata kwa neno moja. Lakini msichana aliyekwenda kazini alikutana na ndoa, uzazi na majukumu ya nyumbani, na idadi ya wanawake Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikashuka. Haikupita miaka mingi, serikali ikalazimika kuwaondolea wanawake sharti hilo. Hapo ndipo penye kiini cha somo zima: sera isiyomtaja mwanamke inaweza kumfungia mlango kwa sababu tu haikumfikiria.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanawake wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliunda kikundi cha utafiti na uhifadhi wa nyaraka kuhusu wanawake, kilichojulikana kwa kifupi WRDP. Walitoka fani mbalimbali na walijitolea. Mwaka 1983 wawili kati ya wasomi wa kizazi hicho, Ophelia Mascarenhas na Marjorie Mbilinyi, walichapisha bibliografia iliyochambua maandishi kuhusu wanawake wa Tanzania. Kazi ya namna hiyo haina mbwembwe, lakini bila hiyo kila mtafiti angeanza upya kana kwamba hakuna aliyemtangulia.

Nje ya chuo, mitaa nayo ilikuwa ikifundisha. Mwaka 1987 na 1988 mtafiti Aili Mari Tripp alifanya utafiti Manzese, wakati huo ikiwa Wilaya ya Kinondoni, na Buguruni, Ilala. Hali ya uchumi ilikuwa ngumu, na mshahara wa mfanyakazi ulinunua chakula cha siku chache tu. Kilichozifikisha familia mwisho wa mwezi kilikuwa miradi midogo, mingi ikiwa mikononi mwa kinamama: maandazi, vitumbua, ushonaji, na upato wa kukusanya mtaji. Takwimu za ajira rasmi hazikuwaona wanawake hao, ilhali ndio waliokuwa wakiibeba miji.

Mwaka 1987 waandishi wa habari wanawake walianzisha TAMWA, chama ambacho makao yake yako Sinza. Jarida lao wakaliita *Sauti ya Siti*, kwa heshima ya mwimbaji wa taarab Siti binti Saad. Mwaka 1993 ukazaliwa Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, ambao makao yake yako Mabibo. Semina zake za Jumatano zikawa darasa lisilodai cheti: mhadhiri, mwanafunzi na mama wa mtaani waliketi pamoja, wakajadili maji, afya na bajeti ya taifa kwa Kiswahili. Jitihada za vikundi hivi na vingine zilichangia kupatikana kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, na kwa sheria za ardhi za mwaka 1999 zilizotamka kuwa haki ya mwanamke kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume.

Vyuo vilipoanza kutoa shahada za jinsia, vilikuwa vinaupa cheti ujuzi uliokwisha kukomaa. Mchango wa Chuo Huria ulikuwa kumfungulia mlango mtu mwenye ajira na familia. Muuguzi, mwalimu au ofisa maendeleo ya jamii anaweza kusoma kupitia kituo cha Kinondoni au cha Temeke bila kuacha kazi wala watoto. Kikwazo kilichojitokeza baada ya Azimio la Musoma hapa kimepatiwa njia ya kukipita.

Limebaki deni moja. Tasnifu za uzamili huandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa maktaba, ilhali majibu yaliyozijenga yalitolewa kwa Kiswahili, vibarazani Mbagala, Tandika na Tandale. Vyuo vimtake kila mhitimu aandike muhtasari wa Kiswahili na kuuwasilisha kwenye ofisi ya serikali ya mtaa alikofanyia utafiti. Vikundi vya Mlimani na Mabibo vilionyesha kuwa hilo linawezekana, tena wakati havikuwa na shahada ya kumpa mtu.