kutafsiri kitambulisho cha mchakato

Kirai hiki hutumika katika taaluma ya kompyuta kwa maana ya kutafuta namba ambayo kwayo mchakato uleule hujulikana mahali pengine. Mchakato ni programu iliyo katika kutenda kazi. Kitambulisho chake ni namba kinayopewa na kiini cha mfumo endeshi. Katika Linux, tangu toleo la 2.6.24 la mwaka 2008, mchakato mmoja waweza kuwa na vitambulisho zaidi ya kimoja kwa wakati mmoja. Programu inayojulikana kwa namba 640 ndani ya kontena yaweza kuwa 4821 kwa mfumo mwenyeji, na zote mbili ni namba zake halali.

Kwa sababu hiyo kitenzi kinachofaa ni *kutafsiri*. *Kubadili* hudokeza kwamba namba ya kwanza imeondoka na nyingine imeshika nafasi yake, jambo ambalo halitokei. *Kufasiri* ni kueleza maana, na namba hizi hazina maana ya kuelezwa. *Kuoanisha* hukubalika panapozungumzwa orodha nzima ya michakato. Hali yenyewe yafanana na istilahi za ukoo: mtu yuleyule ni baba kwa huyu na mjomba kwa yule, na neno *mjomba* halitoshi mpaka ijulikane ni nani aitaye. Tofauti ni kwamba hapa kuonana ni kwa upande mmoja tu. Mwenyeji huiona michakato yote ya kontena, ilhali mchakato wa ndani ambao mzazi wake yuko nje, ukiuliza kitambulisho cha mzazi huyo, hujibiwa sifuri.

Kosa kubwa zaidi la wafasiri limo katika upatanisho wa kisarufi. *Kitambulisho cha mchakato kwenye kontena* ni kirai chenye utata: je, kilicho kwenye kontena ni mchakato au ni namba? Msimamizi wa mitambo aambiwaye asitishe mchakato 640 "kwenye kontena", akiandika amri hiyo kwa mwenyeji, huenda akausitisha mchakato mwingine kabisa wenye namba hiyo, pengine ule wa hifadhidata. Kiswahili kina dawa yake katika ngeli. *Kitambulisho cha mchakato ulio ndani ya kontena* chaeleza mahali ulipo mchakato, wala hakisemi namba ni ya upande gani. *Kitambulisho cha mchakato kinachotumika ndani ya kontena* chaeleza upande wa namba. Katika maelekezo ya kazi, cha pili ndicho cha kuandikwa.

Mara nyingine kiini chenyewe hutafsiri: mchakato ukijitambulisha kwa mwingine kupitia soketi ya Unix, mpokeaji hupewa namba ya upande wake. Namba iliyoandikwa katika faili ni maandishi tu. Ikitolewa nje ya kontena hubaki ileile ya ndani, na hapo mtu hulazimika kutafsiri mwenyewe. Tangu toleo la 4.1, faili ya /proc/4821/status, isomwapo kwa mwenyeji, ina mstari wa NSpid unaopanga namba kuanzia nje kuelekea ndani: 4821, kisha 640. Jina NSpid lisitafsiriwe, kwa kuwa msomaji atalitafuta katika faili kwa herufi hizohizo.